Kukusanya sampuli za fosfeti adimu: kusoma mwamba, kupasua bonge, kutunza fuwele

Katika migodi ya bati na koltani ya Gatumba, magharibi mwa Rwanda, jiwe lisilo na bati wala koltani huishia kwenye kifusi. Ni hesabu ya biashara tu. Lakini pegmatiti (mwamba wa fuwele kubwa) ya Buranga, iliyo katika eneo hilohilo, ndiyo iliyoipa sayansi madini matatu ya fosfeti, yaani madini yenye fosforasi na oksijeni, yaliyokuwa hayajulikani popote: bertosaiti mwaka 1966, kisha burangaiti na gatumbaiti mwaka 1977. Yote matatu yalielezwa na Oleg von Knorring wa Chuo Kikuu cha Leeds pamoja na wenzake, na hakuna hata moja linalovutia macho ya mchimbaji. Bertosaiti ni ya waridi hafifu na haina umbo, gatumbaiti ni nyuzi nyeupe, burangaiti ni vijiti vya bluu vilivyojificha ndani ya mawe mengine ya bluu.

Anayetaka kukusanya mawe ya namna hii ashike jambo moja kabla ya yote: fosfeti adimu haitafutwi yenyewe. Hutafutwa madini mama, yaani fosfeti kubwa ya kwanza iliyoganda ndani ya mwamba, kisha hukaguliwa kingo zake, nyufa zake na matundu yake. Watoto wapo hapo. Anayezunguka kifusi akisaka rangi nzuri atarudi na tomalini na kwatzi, na fosfeti atakuwa amezikanyaga.

Zinavyoumbika

Magma ya graniti inapopoa, felspa, kwatzi na ulanga huganda mapema. Lithiamu, fosforasi, florini, boroni, berili, tantali na maji havipati nafasi ndani ya fuwele hizo, basi hubaki kwenye ute unaopungua na kuzidi kukolea. Ute huo wa mwisho, mwepesi na wenye maji mengi, hupenya kwenye nyufa za miamba jirani na kuganda kuwa pegmatiti. Pegmatiti za Gatumba zina umri wa takriban miaka bilioni moja.

Fosforasi ikikuta kalsiamu, hutengeneza apatiti na safari karibu iishie hapo. Kalsiamu ikiwa haba na lithiamu ikawepo, njia hugawanyika mara mbili. Penye chuma na manganizi huganda trifiliti (LiFePO4) au ndugu yake wa manganizi, lithiofiliti (LiMnPO4). Penye alumini huganda ambligoniti au montebrasiti, LiAl(PO4)(F,OH): yenye florini zaidi ni ambligoniti, yenye hidroksili (OH) zaidi ni montebrasiti. Fomula ya trifiliti ndiyo hiyohiyo ya kemikali iliyo ndani ya betri za lithiamu-chuma-fosfeti, jambo linaloeleza kwa nini lithiamu hutoka ndani yake kirahisi bila jiwe kuvunjika umbo.

Tawi la chuma hubadilika kwa mpangilio unaofaa kukaririwa. Vimiminika vyenye sodiamu vikipita kungali na joto, trifiliti hugeuka aluauditi, jiwe zito la kijani iliyoiva au kahawia nyeusi. Ikikutana na hali ya kuoksidika, lithiamu huanza kutoka na chuma hubadilika kwanza: hiyo ni ferisikleriti, ya kahawia. Lithiamu ikiisha na manganizi nayo ikaoksidika, tunapata heterositi, ya zambarau. Mara nyingi hatua zote tatu zimo ndani ya bonge moja, kijivu katikati, kahawia pembeni, zambarau ukingoni, chini ya ganda jeusi la oksidi za manganizi.

Joto likishuka zaidi, maji huyeyusha sehemu za bonge na kuacha matundu. Penye upungufu wa oksijeni hukua vivianiti, ludlamiti, hureauliti na fairfilditi. Baadaye oksijeni ikiingia hufuata rokbrijaiti (kijani karibu na nyeusi), strengiti na fosfosideriti (zambarau ya maua), kakokseniti (nyuzi za dhahabu) na mitridatiti, ule utando wa kijani-manjano unaopaka kila kitu.

Tawi la alumini ndilo lililoifanya Buranga kuwa Buranga. Montebrasiti ikishambuliwa na vimiminika vya moto hutoa troleiti, augeliti, skorzaliti, lakroksiti na brazilianiti, na ikibahatika kupata kalsiamu kwa kiasi kinachofaa hutoa bertosaiti, Li2CaAl4(PO4)4(OH)4. Mwishoni huja waditi, krandaliti na waveliti. Ndiyo maana fosfeti hizi ni adimu: kila moja inataka mchanganyiko wake wa kalsiamu, sodiamu, joto na maji, na mchanganyiko huo hudumu muda mfupi katika sehemu ndogo ya jiwe.

Kuna adui mmoja ambaye vitabu vya Ulaya havimtaji sana, naye ni hali ya hewa yetu. Katika nchi za mvua na joto, pegmatiti huoza kwa kina cha makumi ya mita. Felspa huwa kaolini (udongo mweupe), na fosfeti za hatua za kati huyeyuka zote na kuacha krandaliti na kutu. Bonge lililokaa juu ya uso wa ardhi kwa karne nyingi mara nyingi limekwisha. Tafuta kifusi kipya kilichotoka kwenye mwamba mgumu, au mabonge makubwa ambayo kiini chake bado ni kizima.

Pegmatiti siyo njia pekee. Kwenye ngozi za juu za machimbo ya shaba, risasi na zinki, maji yenye fosforasi hukutana na metali zilizooksidika. Mgodi wa L'Étoile karibu na Lubumbashi ndiko ilikotambuliwa korneti­ti ya bluu, iliyopewa jina la mwanajiolojia Jules Cornet. Kabwe, Zambia, ndiko nyumbani kwa tabutiti na parahopeiti, fosfeti za zinki. Karbonatiti, miamba ya magma yenye kaboneti nyingi, nazo zina zake: isokiti ilitambuliwa kwenye kilima cha Nkombwa, wilaya ya Isoka, Zambia. Kuanzia hapa tunabaki na pegmatiti, kwa kuwa ndizo zenye aina nyingi zaidi na ndizo zinazodai ustadi.

Ruhusa kwanza

Kifusi kina mwenyewe. Mwenye leseni ya mgodi ndiye mwenye kila jiwe lililotoka humo, hata lile alilolitupa, kwa hiyo omba ruhusa kwa maandishi na uandike ni eneo gani na siku zipi. Rwanda, mamlaka ni Bodi ya Migodi, Petroli na Gesi (RMB). Tanzania ni Tume ya Madini chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Kenya ni wizara inayosimamia Sheria ya Madini ya mwaka 2016. Kote huko, kuvusha mawe mpakani bila kibali cha kusafirisha madini ni kosa, na afisa wa forodha hatatofautisha sampuli ya kabati na madini ya magendo.

Angalia sana jiwe lenye bati au koltani inayoonekana. Bati, tantali na tungsteni kutoka Maziwa Makuu hufuatiliwa kwa lebo kuanzia mgodini, na sampuli ya fosfeti yenye fuwele nyeusi ya koltani ubavuni inaweza kuhesabiwa humo. Ama uiache, ama uipasue sehemu hiyo umrudishie mchimbaji. Atafurahi.

Kivu Kusini ipo Kobokobo, pegmatiti iliyotoa fosfeti nyingi mpya za urani na alumini, zikiwemo furalumiti, upaliti na kamitugaiti, zilizoelezwa na Michel Deliens na Paul Piret. Kwa usalama wa eneo na kwa mionzi ya mawe yenyewe, hapa si mahali pa kwenda na nyundo. Sampuli za zamani zipo kwenye Jumba la Makumbusho la Afrika ya Kati, Tervuren, Ubelgiji, na nyingine husambaa kwa wakusanyaji.

Vifaa

Nyundo mbili: moja ya kilo 1 yenye ncha ya mraba, nyingine nzito ya kilo 2 hadi 3. Tindo tatu za chuma kigumu, nyembamba, ya kati na pana. Miwani ya kinga inayofunika pembeni, kwa sababu vipande vya kwatzi hurukia macho kama vioo. Barakoa ya N95 au zaidi: vumbi la kwatzi huharibu mapafu, na kitambaa hakilizuii. Lenzi ya mkono ya mara 10. Sumaku ndogo iliyofungwa uzi. Taa ya urujuanimno ya nanomita 365. Mizani ya kidijitali ya kusoma 0.1 g. Chupa ya kunyunyizia maji, kwa kuwa jiwe lenye vumbi halisemi kitu.

Kwa kufungia, chukua magazeti, karatasi laini ya chooni, bahasha za kaki na trei za mayai. Usitegemee mifuko ya plastiki: Rwanda iliipiga marufuku tangu mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019, na Rwanda hawana mzaha nayo uwanja wa ndege. Hata bila sheria, plastiki hufungia unyevu, na fosfeti zenye chuma hupata kutu humo ndani ya wiki chache.

Kusoma kifusi

Nenda baada ya mvua, si wakati wa mvua. Maji huosha mawe na kuonyesha rangi, lakini kuta za pegmatiti iliyogeuka kaolini hubomoka zikilowa. Usiingie ndani ya duara (shimo la mgodi) wala usisimame chini ya ukuta mweupe uliochimbwa chini. Kifusi kinatosha.

Anza kwa kujua kifusi kimetoka ukanda gani. Pegmatiti iliyokamilika ina matabaka: ukuta wenye ulanga na chembe ndogo, kisha ukanda wa kati wenye felspa kubwa, kisha kiini cha kwatzi. Mabonge ya fosfeti hukaa zaidi mpakani mwa ukanda wa kati na kiini, hivyo lundo lenye vipande vikubwa vya kwatzi nyeupe au ya moshi vikiwa vimeshikana na felspa ndilo la kukaa nalo. Lundo la ulanga mdogo na mwamba wa pembeni lipite. Penye albiti (felspa ya sodiamu) nyeupe iliyopangana kama kurasa, au spodumini (madini ya lithiamu), punguza mwendo zaidi.

Kisha tazama ganda. Bonge la trifiliti au la watoto wake kwa nje ni jeusi au kahawia, limeviringika, na ni zito kuliko linavyoonekana. Watu hulidhania kuwa chuma au manganizi na kuliacha. Ligonge kona moja: ikitokea zambarau, kahawia yenye mng'ao wa nta, au kijivu-kijani kama ya mafuta, umefika. Oksidi tupu ya manganizi huacha masizi meusi mkononi na haina nyuso bapa za kupasukia. Trifiliti na heterositi zinazo.

Montebrasiti ni ngumu zaidi kuitambua maana inafanana na felspa: nyeupe, ya maziwa, wakati mwingine ya kijivu. Dalili zake tatu ni uzito, mng'ao wa lulu kwenye uso mmoja wa mpasuko, na madoa ya bluu. Bluu iliyokolea ndani ya jiwe jeupe zito kwa kawaida ni skorzaliti au lazuliti, na hapo ndipo pa kutafuta troleiti, augeliti, burangaiti na bertosaiti. Jiwe jeupe lenye bluu lisiachwe hata kama halina fuwele hata moja.

Rangi za hatari: manjano-kijani inayong'aa sana chini ya taa ya urujuanimno ni otuniti, yenye urani. Torberniti, vibao vya kijani ya zumaridi, nayo ina urani lakini haing'ai, basi ukimya wa taa si ushahidi wa usalama. Vibao vya kijani vyenye umbo la mraba visishikwe kwa mikono mitupu.

Kupasua bonge

Hapa ndipo sampuli nyingi nzuri hufa. Kabla ya nyundo, piga picha ya bonge pande zote likiwa na rula, na kwa penseli ya nta weka alama ya upande uliokuwa umeelekea kiini cha kwatzi, kama bado unajulikana. Upande huo hubadilika tofauti na ule wa felspa, na bila alama hutaweza kueleza kwa nini kipande kimoja kina vivianiti na kingine kina kakokseniti.

Liweke bonge juu ya gunia lililojaa mchanga, nalo gunia liwe juu ya turubai au shuka jeupe. Mchanga hunyonya mtikisiko, shuka hudaka vipande vidogo, na vipande hivyo ndivyo vyenye fuwele za milimita 1 hadi 3 ambazo wakusanyaji wa hadubini huzithamini kuliko jiwe kubwa.

Lizungushe na utafute mstari wa udhaifu: mpaka wa kwatzi na fosfeti, ufa wenye kutu, au mpaka wa rangi mbili. Simamisha tindo pana juu ya mstari, gonga kwa wepesi, sogea sentimita 2, gonga tena, hadi uzunguke bonge zima. Rudia mzunguko huku ukisikiliza. Mlio wa kwanza ni mkali. Ukianza kuwa mzito na wa mvumo, ufa umeshaingia ndani, na pigo moja la wastani litamaliza kazi. Anayepiga pigo kubwa katikati hupata mchanga: montebrasiti hupasuka kwenye nyuso zake zote, na vivianiti hujichana kama kurasa. Bonge la zaidi ya kilo 10 lipasuliwe kwa kabari za chuma kwenye matundu yaliyotobolewa.

Ukifungua, usiguse kwanza. Nyunyiza maji kidogo upande mmoja, uache mwingine mkavu, kisha pitisha lenzi huku mwanga ukija kwa pembeni. Rangi huonekana kwenye maji, umbo la fuwele huonekana kwenye ukavu. Chora duara la bonge kwenye daftari na uandike herufi: A kiini, B ukanda wa kahawia, C ukingo, D matundu. Kila kipande kitakachotoka kipewe herufi yake palepale. Vivianiti iliyofunguka sasa hivi inaweza kuwa karibu haina rangi, kisha ikageuka bluu au kijani ukiitazama, kwa kuwa chuma chake kinaoksidika kwenye mwanga. Ifunike mara moja.

Hifadhi nusu zote mbili za bonge lililopasuka vizuri. Kipande kinachoonyesha mama na mtoto pamoja, trifiliti ya kijivu ikiishia kwenye heterositi ya zambarau kwa mfano, kina thamani kwa mtu anayesoma mawe kuliko fuwele iliyong'olewa peke yake.

Kuosha

Maji ya kawaida, mswaki laini, subira. Loweka saa 24, badilisha maji, sugua kwa kufuata uelekeo wa fuwele. Malizia kwa maji yaliyochujwa madini yake, yale ya kuongezea betri yaani, si asidi yake, ili chumvi isibaki, na kaushe kivulini. Nyuzi za kakokseniti, waveliti na gatumbaiti hazisuguliwi kabisa. Zipulizie hewa kwa puto la mpira la kusafishia kamera.

Asidi usitumie. Mtu aliyezoea kusafisha kwatzi kwa asidi ya oksaliki ataitumia hapa kwa mazoea, na atatoa jiwe lenye matundu matupu: apatiti, vivianiti, ludlamiti na karibu fosfeti zote za chuma huyeyuka kwenye asidi. Kwa kutu iliyopaka kwatzi, felspa au brazilianiti kuna mchanganyiko usio na asidi: lita 1 ya maji, sodiamu sitreti g 71, sodiamu baikaboneti g 8.5, na sodiamu dithionaiti g 20 inayotiwa wakati wa kutumia tu, kwani hufa ndani ya saa chache. Fanya nje penye upepo, hutoa harufu kali ya salfa. Lakini mchanganyiko huu hufanya kazi kwa kunyang'anya chuma kilichooksidika, hivyo utakula strengiti, rokbrijaiti na heterositi sawasawa na kutu. Jaribu kwenye kipande cha kutupa kwanza.

Kutambua nyumbani

Kipimo chenye faida kubwa kwa gharama ndogo ni msongamano. Pima jiwe kavu. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Funga jiwe kwa uzi mwembamba, lizamishe lote bila kugusa chini wala ukuta wa kikombe, soma mizani. Namba hiyo ni gramu za maji yaliyosukumwa, ambazo ni sawa na sentimita za ujazo wa jiwe. Gawa uzito mkavu kwa namba hiyo.

Mfano: jiwe jeupe lina g 62.0, na likizamishwa mizani inasoma 20.3. Jibu ni 3.05, basi ni montebrasiti au jamaa yake. Kama lingekuwa felspa ya potasiamu, mizani ingesoma karibu 24. Kwa kulinganisha: kwatzi 2.65, vivianiti 2.7, brazilianiti 2.98, apatiti 3.1 hadi 3.2, trifiliti 3.4 hadi 3.6. Kosa la kawaida ni viputo vya hewa. Lowesha jiwe kwanza na tone la sabuni. Kosa la pili ni jiwe dogo. Kwenye jiwe la g 5, usomaji ukikosea 0.1 tu jibu hupotoka kwa takriban asilimia 6, na felspa inaanza kukaribia mawe yasiyo yake.

Lithiamu hujulikana kwa moto. Saga chembe, lowesha kwa tone la asidi ya hidrokloriki, ichukue kwa waya safi wa nikromu, iweke kwenye mwali wa gesi usio na rangi. Wekundu wa damu ni lithiamu. Manjano ya sodiamu hufunika wekundu huo, basi tazama kupitia kioo cha bluu cha kobalti. Spodumini pia ina lithiamu, kwa hiyo kipimo hiki peke yake hakithibitishi montebrasiti.

Kuthibitisha fosfeti: unga wa kiasi cha punje ya mchele kwenye mililita 2 za asidi ya naitriki iliyopunguzwa, pasha, chuja, ongeza mililita 2 za amoniamu molibdeti, pasha tena hadi takriban nyuzi 60. Mashapo ya manjano ya kanari ni fosfeti. Usichemshe, maana aseneti (chumvi ya aseniki) nayo itatoa manjano. Fosfeti za alumini kama montebrasiti zinaweza kukataa kuyeyuka na kukupa jibu la uongo. Ziyeyushe kwanza na sodiamu kaboneti juu ya moto mkali. Asidi hizi ni za miwani, glavu na sehemu wazi, mbali na watoto.

Kwa mawe ya Katanga, eneo la Lubumbashi, tone la asidi ya hidrokloriki hutenganisha azuraiti (kaboneti ya shaba ya bluu) na kornetiti: azuraiti hutoa povu, kornetiti hapana.

Zaidi ya hapo ni maabara. Omba mnyambuliko wa eksirei kwa unga (XRD), kipimo kinachosoma mpangilio wa atomi, si uchambuzi wa kemikali peke yake. Hadubini ya elektroni yenye kipima eksirei haioni lithiamu wala hidrojeni, kwa hiyo trifiliti, ferisikleriti na heterositi zote zitaonekana kuwa chuma, manganizi na fosforasi kwa uwiano uleule. Maabara ikikupa jina kwa kipimo hicho tu, jina hilo ni la kukisia. Peleka miligramu mia mbili za unga safi uliochaguliwa chini ya lenzi, ukiwa na herufi ya mahali ulipotoka kwenye bonge.

Lebo na kabati

Jiwe lisilo na mahali ni jiwe la bustani. Lebo iwe na jina la madini kwa tahajia ya kimataifa, fomula, pegmatiti, wilaya, nchi, ukanda wa bonge, tarehe, na njia iliyotumika kutambua. Kama hujathibitisha, weka alama ya kuuliza mbele ya jina. Bandika pia namba ndogo kwenye jiwe lenyewe, juu ya doa la rangi nyeupe ya akriliki, sehemu isiyo na fuwele. Usibandike lebo kwenye sanduku tu, masanduku hubadilishana.

Vivianiti ikae gizani daima. Torberniti hupoteza maji yake na kuchakaa kwenye joto, basi isikae karibu na dirisha wala juu ya friji. Nyuzi na sindano zisiguswe na pamba kamwe, maana pamba hunasa na kung'oa. Gundisha jiwe chini ya sanduku kwa tone la gundi linaloweza kubanduka. Mawe ya urani yakae kabati lao, kwenye chumba chenye hewa kisicholalwa, yasikatwe wala kusagwa, na mikono ioshwe kila baada ya kuyashika. Usiyatume kwa posta bila kuuliza kwanza.

Kununua

Heterositi ndiyo inayochezewa zaidi. Mawe meusi huchovywa kwenye asidi ili ganda la manganizi liondoke na zambarau kali ibaki, kisha huuzwa kwa jina la papuraiti, ambalo kwa haki ni la ile yenye manganizi zaidi ya chuma. Jiwe la asili hubaki na weusi au kahawia kwenye mashimo na nyufa. Lililochovywa huwa zambarau hadi ndani ya kila kona, na kwatzi iliyo jirani huwa safi kupita kiasi. Si uhalifu kuuza jiwe la namna hiyo, ni uhalifu kutosema.

Kwa mawe ya Kabwe, kumbuka kwamba mji huo ni miongoni mwa maeneo yaliyochafuliwa sana na risasi duniani. Tabutiti kutoka huko ioshwe kwenye ndoo ambayo haitumiki kwa kitu kingine, na vumbi lake lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe.

Muuzaji akikutajia Buranga, muulize jiwe lilitoka lini na kupitia kwa nani, na uombe lebo zote za zamani hata kama jina lililoandikwa humo limekosewa. Lebo ya zamani isitupwe. Mpya hukunjwa pamoja nayo.